UZI: Fasheni inaanzia wapi, na kwa nini tunanunua nguo tusizozivaa?

FundiSindano (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa 17 nashika mkasi. Kuna jambo limenikaa kichwani muda mrefu, nimeona nilishushe hapa tulijadili kwa utulivu, maana linamgusa kila anayevaa nguo.

Lilianza na mkono wa gauni. Siku moja aliingia mteja, akafungua simu akanionyesha picha: mkono umejaa kuanzia begani, umekusanywa marinda juu, halafu umebanwa kwa lastiki karibu na kiwiko. Mkono wa puto. Nilikuwa sijaushona kwa miaka, ikabidi nikumbuke namna ya kuongeza upana kule juu bila bega kuvimba vibaya. Nikamshonea, akaondoka amefurahi. Wiki iliyofuata wakaja wawili wanataka mkono uleule. Hawajuani, na picha zao zilikuwa tofauti kabisa na ile ya kwanza. Mwezi haujaisha, nusu ya kazi zilizoning'inia ukutani kwangu zilikuwa na mikono ya puto.

Baada ya muda yule mteja wa kwanza akarudi na gauni lake mkononi. "Fundi, naomba unipunguzie hii mikono." Nililigeuza gauni ndani nje. Rangi haijapauka, mshono haujaachia hata mahali pamoja. Nguo nzima kabisa, lakini yeye alikuwa anaiona imekufa.

Nani alimwambia aitake? Na nani alimwambia aiache? Toka siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya suala hili.

Wengi tunaamini fasheni inashuka kama maji ya mlimani: wakubwa wanavaa, wadogo wanaiga. Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliliandika hilo mwaka 1904. Kwa maelezo yake, walio chini huiga mavazi ya walio juu yao. Walio juu wakishaona wameigwa wanalitupa vazi lile na kutafuta jingine, na mbio zinaanza upya. Miaka mitano kabla yake, mchumi Mmarekani Thorstein Veblen alikuwa ameshasema kwamba vazi la gharama ni tangazo: linamwambia anayetazama kuwa mvaaji ana uwezo, na tena kuwa hafanyi kazi ya mikono, kwa sababu nguo yenyewe haimruhusu hata kuinama.

Ushahidi wao upo. Uingereza mwaka 1363, zama za mfalme Edward III, ilitungwa sheria ya kupanga nani avae kitambaa gani kulingana na cheo chake. Sheria ya namna hiyo haitungwi kama hakuna anayeiga. Malkia Victoria naye alifunga ndoa mwaka 1840 akiwa na gauni jeupe, wakati ambapo bibi harusi aliweza kuvaa rangi yoyote, na weupe ule ukasambaa mpaka leo watu wanadhani umekuwepo tangu zamani za kale.

Lakini mkono wa puto wa wateja wangu haukushuka hivyo. Yule wa kwanza si tajiri wala si maarufu. Tena nikiangalia vazi lililoenea pengine kuliko yote, jinzi, naona lilipanda.

Hii habari ya jinzi naipenda kwa sababu inamhusu fundi mwenzangu. Jacob Davis alikuwa anashona katika mji wa Reno, Nevada, Marekani. Mwaka 1870 aliombwa suruali imara ya mkata kuni, suruali isiyochanika mifuko. Davis alikuwa na vipini vidogo vya shaba (ribiti) alivyokuwa akivitumia kwenye mablanketi ya farasi, akavigongomea kwenye pembe za mifuko, pale ambapo mkono ukiingia na kutoka mara mia nguo huanza kupasuka. Wateja wakaanza kumiminika. Hakuwa na fedha za kulipia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) peke yake, akamwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, na hataza ikatoka kwa majina yao wawili tarehe 20 Mei 1873. Mpaka leo nikishona mfuko wa suruali, pembe ndizo ninazozirudia.

Ilikuwa nguo ya kazi, ya wachimba madini na wachunga ng'ombe. Miaka ya 1950 vijana wakaifanya yao, na baadhi ya shule za Marekani zikaipiga marufuku. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 wabunifu wakubwa kama Calvin Klein walikuwa wanaweka majina yao kwenye mfuko wa nyuma. Tajiri alimwiga mchimba madini.

Kwa hiyo kuna zinazoshuka na kuna zinazopanda. Ila zote mbili hazinielezi wateja wangu watatu wasiojuana waliokuja wakitaka mkono uleule ndani ya siku kumi. Karibuni.

---

Mdau_Huru

Mkuu umeandika vizuri lakini jibu mbona liko wazi. Tunapangiwa. Kuna watu wanakaa na kuamua rangi na mitindo miaka miwili kabla, viwanda vinatengeneza, matangazo yanamwagwa, sisi tunafuata. Wateja wako walipangiwa wote watatu na watu walewale. Hakuna muujiza hapo.

---

FundiSindano

Mdau, asante. Kwamba kuna wanaopanga ni kweli tupu. Vitambaa na rangi huamuliwa karibu miaka miwili kabla ya nguo kufika dukani. Yapo maonyesho makubwa ya vitambaa Ufaransa, Première Vision, tangu 1973, na yapo makampuni ambayo kazi yao ni kutabiri tu, kama WGSN ya London iliyoanza 1998. Mtu wa kawaida anapodhani ameichagua rangi fulani ya kijani mwenyewe, mara nyingi kijani kile kilishachaguliwa mbali sana na yeye.

Lakini kupanga ni jambo moja na kukubaliwa ni jingine. Naomba nikupe sketi mbili, zote ndefu, zote zililetwa na wenye nguvu.

Ya kwanza ni ya mbunifu Christian Dior, Paris, tarehe 12 Februari 1947. Kiuno kimebanwa, sketi pana inateremka mpaka chini kabisa ya magoti, inakula kitambaa mita kwa mita. Wakati huo vita ilikuwa imeisha juzi tu. Uingereza nguo zilikuwa bado za mgawo: mgawo ulianza Juni 1941 ukaondolewa Machi 1949, na mwaka wa kwanza mtu mzima alipewa kuponi 66 tu za nguo zake zote za mwaka. Wapo waliopinga hadharani kwamba sketi ile ni ubadhirifu wakati watu wana shida. Hata hivyo ilishinda, na kwa karibu miaka 10 umbo lile ndilo lililotawala.

Ya pili ni ya mwaka 1970. Wanawake walikuwa wamezoea vimini. Wabunifu, magazeti ya biashara ya nguo na maduka makubwa ya Marekani yakakubaliana kuwa sasa sketi inarudi chini, ifike katikati ya muundi. Mzigo ukaagizwa, matangazo yakapigwa. Wanawake wakagoma. Viliundwa hata vikundi vya kupinga. Kimojawapo kilijiita kwa jina lenye maana ya kupigana na wabunifu wenye amri. Maduka yakabaki na nguo, na wanawake wengi wakaenda zao kwenye suruali.

Nguvu ya waliopanga mwaka 1970 haikuwa ndogo kuliko ya Dior. Kilichotofautiana ni watu waliopokea. Mwanamke wa 1947 alikuwa ameishi miaka kadhaa na koti la mabega ya kijeshi na sketi fupi iliyokatwa kwa kubana matumizi. Ukimpa sketi ya kuzunguka nayo ikapepea, umempa kitu ambacho mwili wake ulikuwa unakidai. Mwanamke wa 1970 alikuwa ameshazoea kutembea kwa uhuru, ukamwambia ajifunike upya kwa sababu mwenye duka amesema. Sketi ni ndefu zote mbili, lakini moja ilifungua na nyingine ilifunga.

Mwanasosholojia mmoja Mmarekani, Herbert Blumer, alikwenda kukaa kwenye maonyesho ya nyumba moja kubwa ya fasheni (kampuni ya wabunifu wa nguo) Paris, na mwaka 1969 akaandika alichokiona. Zinaonyeshwa nguo zaidi ya 100. Wanunuzi wa maduka wapo kati ya 100 na 200, wanashindana, kila mmoja anaficha alichochagua. Mwishoni wanajikuta wengi wao wamechukua nguo zilezile sita mpaka nane. Wenye nyumba yenyewe waliweza kutaja kama nguo 30 ambazo ndani yake chaguo lingetokea, lakini zipi hasa hawakuweza kujua. Blumer alipowauliza wanunuzi kwa nini wamechagua hizi, jibu lao lilikuwa kwamba zinavutia, basi. Yeye akaona kwamba watu hawa walikuwa wanasoma mambo mamoja, wanatazama mambo mamoja, wanazungumza na watu wa aina moja miezi kwa miezi, mpaka jicho lao likapevuka pamoja.

Hapo nikawaona wateja wangu watatu. Hawajuani, ila macho yao yalikuwa yamekula mwaka mmoja uleule.

---

MuuzaPamba

Naongeza kutoka upande wa biashara, mimi nauza nguo mtandaoni.

Alichosema fundi kuhusu macho kupevuka pamoja, leo hakichukui msimu, kinachukua siku. Februari 2000 Jennifer Lopez alivaa gauni la kijani la Versace kwenye tuzo za Grammy, na watu walilitafuta sana Google hata kampuni ikaona majibu ya maandishi hayatoshi. Mwaka uliofuata wakaleta utafutaji wa picha. Mtu alitaka kuliona gauni, hakutaka kusoma habari zake. Sasa hivi picha inakufuata yenyewe. Ukisimamisha kidole sekunde mbili tatu kwenye video ya koti, programu inaandika kuwa umependa makoti, na jioni unaletewa makoti 20. Wewe unahisi kila mtu anavaa koti lile. Kumbe ni wewe tu unayeonyeshwa kila mtu anayelivaa.

Hili watu hawalioni: zamani ukitaka kujua kama kitu kimeenea ulitazama barabarani. Macho yako yalikuwa kipimo cha kweli. Leo kipimo kimekaa mikononi mwa anayeuza.

Na viwanda navyo vimejifunza kutopanga sana. Zara, iliyoanza mwaka 1975 A Coruña, Hispania, ilijijengea jina kwa kutoa nguo kutoka mezani kwa mbunifu mpaka dukani ndani ya wiki mbili tatu, na kwa idadi ndogo. Ile idadi ndogo ina kazi mbili. Kama nguo haikwenda, hasara ni ndogo. Kama imekwenda, mteja ameshajifunza kwamba ukiiacha leo kesho huikuti, kwa hiyo anarudi mara kwa mara na hafikirii mara mbili. Waliokuja baada yao, kama Shein wanaouza mtandaoni, wanaanza na vipande 100 au 200 vya mtindo mmoja, wanatazama watu wanavyobofya, ndipo wanaongeza. Yaani mdau aliyesema tunapangiwa, siku hizi wanaturushia mitindo maelfu na kusubiri tuonyeshe wenyewe tunapokwenda.

Matokeo yake ni kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 utengenezaji wa nguo duniani ulikaribia kuongezeka mara mbili, ukavuka nguo bilioni 100 kwa mwaka, huku idadi ya mara ambazo nguo moja inavaliwa kabla ya kuachwa ikishuka kwa zaidi ya theluthi. Hizo ni hesabu za Ellen MacArthur Foundation. Na mwendo huo unabebwa na mikono ya watu. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 walikufa watu 1,134, wengi wao washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na bado wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaambiwa waingie kazini. Mimi ninayeuza nguo siwezi kuliandika hili bila moyo kuniuma.

---

Kabati_Limejaa

Kaka Fundi, nimesoma mpaka nikainuka kwenda kuhesabu nguo zangu. 61 bila nguo za ndani. 23 sijazigusa mwaka mzima. Nne zina lebo ya bei bado inaning'inia.

Mnaeleza mtindo unavyoenea, sawa. Lakini hizi nne hazikuwa hata za mtindo. Kuna suruali moja nyeupe ya kitani nzuri sana. Naipenda. Nikiifikiria nafurahi. Siivai. Nisaidieni kuelewa hapo.

---

FundiSindano

Dada, asante kwa kuwa mkweli, wengi wetu tuna kabati la namna hiyo.

Mimi kila mteja akikaa mbele yangu huwa nauliza swali moja kabla sijachukua futi ya kupimia: ya nini? Namaanisha kama ni ya kazi niache nafasi kwenye mabega, kama ni ya safari nisiweke zipu mgongoni. Katika miaka yote hii nimegundua kwamba wengi hawajibu kwa kutaja kazi. Wanataja siku. "Kuna siku nitakuwa natoka na mwenzangu." "Nikishapungua kidogo." "Nikipata ile kazi." Kila mteja ana siku kichwani mwake, na katika siku hiyo yeye ni mtulivu, mwembamba, anapendwa, jua halichomi, hakuna wa kumkimbiza. Nguo inakatwa kwa vipimo vya siku hiyo. Halafu inapelekwa kuishi na siku za kawaida.

Suruali yako nyeupe nadhani ilinunuliwa kwa ajili ya siku ya namna hiyo. Unaipenda kwa sababu siku yenyewe bado unaipenda.

Wataalamu wamejaribu kuchungulia kinachotokea ndani wakati wa kununua. Mwaka 2007 Brian Knutson na wenzake walitazama ubongo wa watu kwa mashine wakati wanaonyeshwa bidhaa, kisha bei, kisha wanaamua. Bidhaa ikipendeza, inaamka sehemu ya ubongo inayohusika na kutazamia raha. Bei ikionekana kubwa mno, inaamka sehemu inayohusika na maumivu na karaha. Kwa kuangalia hizo mbili waliweza kukisia kabla mtu hajabonyeza kama atanunua. Angalieni neno hilo, kutazamia. Raha inatangulia nguo. Ndiyo maana wengi wetu furaha huishia pale mfuko unapofunguliwa nyumbani.

Na mkono nao unashawishi. Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akikishika tu kitu, anaanza kukihisi kuwa chake, na thamani yake inapanda machoni pake. Mimi hili nalijua bila maabara. Ukimwekea mteja kitambaa begani mbele ya kioo, umeshamaliza mazungumzo. Siku hizi nimeacha kufanya hivyo kabla hajaniambia anachotaka, kwa sababu niliona naamua badala yake.

Kuna jambo la tatu ambalo ni gumu zaidi kuligundua. Mwaka 1769 mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliandika jinsi alivyopata joho jipya jekundu la kuvaa nyumbani. Zuri mno. Alipolivaa akaona kiti chake kimechakaa. Akabadilisha kiti, akaona meza haifai, akaenda hivyohivyo mpaka chumba kizima kikawa kipya na mwenyewe akawa analililia joho lake la zamani lililokuwa na madoa ya wino. Nguo moja ya kiwango kipya inazifanya nyingine zote kabatini zionekane ombaomba. Ukinunua viatu vinavyodai suruali, na suruali inayodai koti, hujanunua mara tatu. Ulinunua mara moja, ile ya kwanza.

---

Karani_Mpya

Naomba nipingane kidogo kwa heshima zote.

Mnaongea kana kwamba anayenunua nguo ameshindwa kujizuia. Mimi nimeanza kazi ya ofisini mwaka huu. Wiki ya kwanza nilikwenda na shati nililoliona zuri kabisa, kola ndefu, limenipwaya kidogo. Hakuna aliyenisema. Ila kwenye kikao mtu wa nje alipokuja alisalimia wote mezani, mimi akanipa bahasha nikamtolee nakala. Sikuwa karani wa kumtolea nakala, nilikuwa ndiye niliyeandaa taarifa waliyokuja kuijadili. Jioni nikanunua mashati mawili ya kubana kama ya wenzangu. Sikununua kwa ajili ya siku yoyote ya ndotoni. Nilinunua kwa ajili ya kesho yake asubuhi.

Mwenye jina lake anaweza kuvaa anavyotaka. Sisi ambao hatujulikani, nguo ndiyo inayotusemea kabla hatujafungua mdomo. Kwa hiyo tukiambiwa tunafuata mkumbo, naona tunaonewa.

---

FundiSindano

Karani, nimesoma mara mbili. Umenirekebisha mahali na nakubali.

Mchumi Harvey Leibenstein mwaka 1950 alitenganisha watu ambao sisi huwa tunawachanganya: anayenunua kwa sababu wengine wanacho, anayeacha kununua kwa sababu wengine wanacho, na anayenunua kwa sababu ni ghali. Lakini hata huyo wa kwanza, uliyemweleza wewe, ana watu wawili ndani yake. Kuna anayetaka kuonekana na kuna asiyetaka kuonekana vibaya. Huyu wa pili hapigi pamba ili ang'ae. Anatafuta nguo ambayo haitamfanya mtu amtazame mara mbili, ili kazi yake ndiyo itazamwe.

Nadhani hao ndio wengi, na ndio wanaoufanya mtindo uwe mkubwa. Everett Rogers, aliyechunguza jinsi mambo mapya yanavyosambaa, mwaka 1962 aliwagawa watu hivi: wanaothubutu kwanza kabisa ni asilimia 2.5, wanaowafuata mapema 13.5, kisha makundi mawili makubwa ya katikati, kila moja asilimia 34, na wa mwisho 16. Ukiangalia magazeti na mitandao utadhani fasheni ni hadithi ya wale 2.5. Cherehani yangu inalishwa na 68 wa katikati. Hao hawaji na picha ya mtu maarufu. Wanakuja na maneno haya: "Nishonee kama ile ya yule tunayefanya naye kazi." Mtu aliye mbali anatuonyesha kwamba jambo linawezekana, ila tunamsubiri jirani alivae ndipo tunaamini kwamba na sisi tukilivaa hatutachekwa.

Kwa hiyo yule mteja wangu aliyetaka mikono ipunguzwe, leo namwona tofauti. Nilidhani amechoshwa na gauni. Huenda aliingia mahali akaona ni yeye peke yake aliyebaki na mikono ile.

---

Mzee wa Bugaluu

Vijana wangu, jina langu hapa lisiwashangaze, nilizivaa kweli bugaluu, zile suruali pana chini za kufagia njia. Zikaja za kubana, nikaambiwa zangu ni za kizee. Zikarudi pana, mjukuu akaniuliza kama bado ninazo. Niligawa zote.

Mwanahistoria wa mavazi Mwingereza, James Laver, aliandika mwaka 1937 ratiba ya jambo hili. Vazi likivaliwa miaka 10 kabla ya wakati wake ni la aibu. Wakati wake likifika ni la kupendeza. Mwaka mmoja baadaye limechuja, miaka 10 baadaye ni baya mno, 20 baadaye linachekesha. Ukivumilia mpaka 50 linaanza kuonekana la kipekee, 100 ni la kimapenzi, na 150 ni zuri kabisa. Huwa naipa uzito ratiba hii kwa sababu nimeishi sehemu yake. Picha yangu ya ujana niliificha kwa miaka mingi, sasa mjukuu ameiweka ukutani.

Ninachotaka kumwambia fundi: kipindi kile cha "baya mno" ndicho hatari. Hapo ndipo watu wanatupa.

---

Kabati_Limejaa

Shikamoo mzee. Kaka Fundi, nimerudi. Suruali nyeupe nimeivaa leo kwenda kazini, siku ya kawaida kabisa. Imechafuka pindo la kulia, nimeifua, imetoka. Zile tatu nyingine zenye lebo nimempa mdogo wangu, mbili amezikubali.

Nina gauni moja la mikono ya puto, rangi ya udongo, niliagiza nilipoona wote wanayo. Kitambaa ni kizuri kweli. Kabla sijalitoa naomba kuuliza: mikono ikipunguzwa leo, na ule mtindo ukarudi kama anavyosema mzee, kuna namna ya kuirudisha?

---

FundiSindano

Marahaba ya mzee ataitikia mwenyewe. 🙂

Dada, inategemea fundi atakavyokata. Akifumua mkono, akaukata wote kwa umbo jipya, kile kitambaa cha ziada kinakwenda kapuni na huo ndio mwisho wake. Mwambie asikate. Afumue marinda ya begani, akunje upana wa ziada kwenda ndani kwa mikunjo miwili mirefu inayoteremka na mkono, ashikize kwa mshono wa kulegea, kwa sindano ya mkononi. Kama kitambaa si kizito hakitaonekana kwa nje. Lastiki ya kwenye kiwiko aitoe, tundu lake aliache. Siku ukitaka puto lako, ni kufumua nyuzi hizo na kupiga pasi yenye mvuke.

Hivyo ndivyo nilivyolifanya lile gauni la mteja wangu. Nilimwambia mikono yake iko humohumo ndani, akaushika mkono kwa vidole kuhakikisha.